Mkojo unaorudi kwenye figo: kisa cha msichana wa miaka 7 mwenye homa na maumivu ya kichwa

Msichana wa miaka 7 analetwa hospitali ya mkoa, pwani ya Tanzania, akiwa na homa ya siku tatu, anatapika, na ubavu wa kulia unamuuma. Mama anataja kichwa mwishoni kabisa, karibu anyanyuke kwenye kiti: kimekuwa kikimsumbua mtoto kwa miezi kadhaa, zaidi asubuhi, na panadoli hutuliza kwa muda tu. Uzito kilo 17, kimo sentimita 108, joto 39.1. Presha ni 138/94, na inabaki hapohapo ikirudiwa mara tatu mtoto akiwa ametulia.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa ametungwa, ila vipimo, dozi na makosa yaliyomo ni ya aina inayokutwa kliniki kila mwaka.

Tuanze na presha, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Wiki mbili kabla, kituo cha afya kilipima 102/64 na kuandika "kawaida". Mkanda uliotumika ulikuwa wa mtu mzima. Mzingo wa mkono wa mtoto huyu ni sentimita 17, kwa hiyo mpira wa ndani ya mkanda unatakiwa uwe na upana usiopungua asilimia 40 ya mzingo huo, yaani karibu sentimita 7, na urefu wa kuzunguka asilimia 80 hadi 100 ya mkono. Mkanda mpana kupita kiasi hutoa namba ya chini kuliko ukweli. Mkanda mdogo hutoa namba ya juu. Kwa msichana wa umri huu mwenye kimo kifupi, namba ya juu ya presha haipaswi kuvuka takriban 109. Ya 138 haielezwi na homa wala kilio, na mtoto wa miaka 7 mwenye presha kiasi hicho ana tatizo la figo au la mishipa ya figo mpaka vipimo vikatae.

Homa tano kwenye kadi

Kadi ya kliniki ilikuwepo, na ilisomwa ukurasa kwa ukurasa. Homa ya kwanza aliipata akiwa na miezi 5, ya pili miezi 9, kisha mwaka na miezi minne, miaka miwili, na miaka mitatu. Kila mara alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Mara moja kilionyesha malaria na akapewa dawa mseto. Mara nne hakikuonyesha, akapewa amoksilini ya maji na kurudishwa nyumbani. Hakuna ukurasa hata mmoja wenye jibu la mkojo.

Hapa ndipo figo zilipopotea, na si kwa uzembe wa mtu mmoja. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya figo hasemi kwamba mkojo unamchoma. Ana homa, anakataa kunyonya, pengine anaharisha kidogo au kutapika. Kipimo cha malaria kikikataa, mkono unakwenda kwenye chupa ya amoksilini kwa kudhani ni kifua au koo. Bakteria anayehusika mara nyingi ni E. coli, na aina zake nyingi hazisikii amoksilini. Homa hushuka siku ya tatu au ya nne, kwa dawa au kwa nguvu za mwili wenyewe, na kila mtu anaridhika. Ndani ya figo uvimbe unaendelea, na wiki kadhaa baadaye sehemu hiyo inakuwa kovu. Kadiri homa inavyokaa bila dawa sahihi, hasa ikivuka siku mbili au tatu, ndivyo uwezekano wa kovu unavyopanda.

Hata ile homa iliyoonyesha malaria haifungi mjadala. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwa sababu kinashika protini ya kimelea, si kimelea hai. Tena mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye homa isiyo na chanzo cha wazi, mkojo upimwe, malaria iwepo isiwepo.

Kuupata huo mkojo ndiko watu wanakokwama. Mfuko wa kubandika hunasa bakteria wa ngozi na kinyesi. Jibu lake likiwa safi linaaminika, likiwa chafu halithibitishi kitu. Njia rahisi zaidi ni kumwosha mtoto kwa maji, kumnyonyesha, kisha baada ya dakika ishirini hivi kumsugua chini ya kitovu, juu ya mfupa wa kinena, kwa pamba iliyoloweshwa maji baridi, mtu mwingine akisubiri na kikopo safi. Karibu theluthi moja hukojoa ndani ya dakika tano. Ikishindikana na mtoto ana hali mbaya, apitishiwe mpira mwembamba. Mkojo ufike maabara ndani ya saa moja au mbili. Usipofika uwekwe kwenye friji ya nyuzi 4, la sivyo bakteria watazaliana njiani na jibu litadanganya. Vile vijiti vya kupimia navyo vinataka adabu: kopo likiachwa wazi kwenye joto na unyevu wa pwani, rangi zinaharibika. Na kipande cha naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria, kinahitaji mkojo uliokaa kwenye kibofu karibu saa nne. Kichanga anakojoa kila mara, hivyo kipande hicho kikikataa hakimwondolei mashaka.

Majibu ya siku ya kwanza

Mkojo wake ulikuwa na chembe nyingi za usaha, protini ya alama mbili, na uzito linganifu wa 1.005. Ulioteshwa na ukatoa E. coli zaidi ya 100,000 kwa mililita, wasiosikia ampisilini wala kotrimoksazoli, wanaosikia seftriaksoni. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikilegea, 141, potasiamu 5.4, baikaboneti 17, hemoglobini 9.1.

Tuitazame ile 1.005. Mtoto ametapika siku tatu, amekauka midomo, lakini mkojo wake ni mwepesi kama maji. Figo nzima ingeubana mkojo ukawa wa njano iliyokolea. Hii imeshindwa. Familia ilikuwa imeambiwa mara kadhaa kwamba mtoto "anakojoa vizuri, figo hazina shida". Kukojoa sana mkojo mweupe, kuamka usiku kunywa maji na kukojoa kitandani akiwa na miaka 7 kulikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe: mirija midogo ya ndani ya figo ndiyo huumia mapema, na uwezo wa kuhifadhi maji huondoka kabla mkojo haujapungua. Mtoto wa namna hii akiharisha hukauka haraka kuliko wenzake, kwa kuwa anaendelea kukojoa wakati wengine wangeshaacha.

Alipewa maji ya dripu kwa uangalifu na seftriaksoni gramu 1 kwa siku, ambayo kwa kilo 17 ni karibu miligramu 59 kwa kilo. Jentamaisini iliachwa kwa makusudi, maana inaumiza mirija ileile iliyokwisha kuumia. Diklofenaki na ibuprofeni zilipigwa marufuku kwenye cheti chake kwa wino mwekundu. Homa ilikwisha siku ya pili, na matibabu yakatimia siku 10, za mwisho kwa dawa ya kumeza iliyochaguliwa kwa jibu la kuotesha.

Kreatinini ilishuka hadi 112 na ikagoma hapo. Ilirudiwa baada ya wiki nne, kisha miezi mitatu: 110, 112. Ndiyo maana figo hazihukumiwi kwa kipimo cha siku ya homa. Hesabu ya haraka kwa watoto ni kimo kwa sentimita mara 36.5, gawanya kwa kreatinini kwa maikromoli: 36.5 × 108 ÷ 112 ni 35. Uwezo wa figo zake ni mililita 35 kwa dakika kwa kipimo sanifu cha mwili, wakati mtoto mzima ana zaidi ya 90. Mtu akiitazama 112 peke yake kwenye karatasi ya maabara ambayo viwango vyake ni vya watu wazima, hataona kasoro kubwa. Kwa mtoto mwembamba wa kilo 17, namba hiyo ni mbaya sana.

Kinachotokea pale ureta inapoingia kibofuni

Ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo, hauingii kibofuni moja kwa moja. Hupita kwa mshazari, ukilala kwa muda chini ya utando wa ndani wa kibofu. Kibofu kikijaa, shinikizo linaubana mrija dhidi ya msuli ulio nyuma yake, mlango unajifunga wenyewe. Kazi yote hiyo inategemea urefu wa ile sehemu iliyolala. Paquin, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo, alionyesha mwaka 1959 kwamba kwa watoto wazima urefu huo ni karibu mara tano ya upana wa ureta, na kwa wale ambao mkojo unarudi haufiki hata mara mbili. Wengi huzaliwa na njia fupi, na kadiri kibofu kinavyokua njia hurefuka, hivyo madaraja ya chini, yaani mkojo unaorudi kidogo, hupona yenyewe kwa miaka kadhaa bila kisu.

Mkojo safi unaorudi kwa shinikizo dogo haufanyi madhara makubwa. Madhara hutokea mambo matatu yakikutana: mkojo unarudi, una bakteria, na vichuguu vya figo, yaani vile vilima vidogo ambako mkojo hudondoka kutoka kwenye nyama ya figo, vina umbo linaloruhusu mkojo kuingia hadi ndani ya nyama ya figo. Ransley na Risdon, waliofanya majaribio kwa nguruwe London miaka ya 1970, walieleza jambo hili la tatu vizuri. Vichuguu vya kawaida vina ncha iliyochongoka, na matundu yake hujifunga yanaposukumwa. Vile vilivyoungana, ambavyo vipo zaidi kwenye kichwa cha juu na cha chini cha figo, vina uso bapa au uliobonyea, na matundu yake hubaki wazi. Ndiyo sababu makovu hukaa kwenye ncha za figo, katikati pakibaki na unene wake. Na ndiyo sababu maambukizi ya kwanza ya figo huwa na uharibifu mkubwa kuliko yanayofuata: sehemu zilizo wazi huungua mara ya kwanza. Kusubiri "UTI ya tatu" kabla ya kufanya uchunguzi ni kuhesabu majivu.

Lakini si kila figo ndogo imeharibiwa na homa. Baadhi, hasa za wavulana wenye mkojo unaorudi kwa nguvu tangu tumboni, huzaliwa ndogo na zisizojengeka sawasawa. Kwa mtoto huyu hapakuwa na ultrasaundi ya ujauzito iliyotazama figo, kwa hiyo sehemu ya tatizo la kulia huenda alizaliwa nayo. Kwa matibabu haibadilishi kitu. Kwa mama inabadilisha sana, kwa sababu hana sababu ya kuubeba mzigo wote kana kwamba angeweza kuuzuia.

Picha, na jicho linavyodanganyika

Ultrasaundi ilionyesha figo ya kulia sentimita 5.6, ureta yake imetanuka hadi milimita 18. Ya kushoto sentimita 7.2, ncha zote mbili zimekonda. Kwa umri wake zingekuwa karibu sentimita 8. Ukuta wa kibofu ulikuwa mnene, milimita 6, na baada ya kukojoa vilibaki mililita 45. Ukubwa wa kibofu hukadiriwa kwa umri kujumlisha 2, mara 30, yaani mililita 270 kwake. Kubakiza 45 ni asilimia 17, nyingi mno.

Ultrasaundi nzuri haiondoi mkojo unaorudi. Kinachouonyesha ni eksirei ya kibofu wakati wa kukojoa. Ilifanywa wiki tatu baada ya maambukizi kwisha, kwa antibiotiki ya siku tatu, kipimo kikiwa siku ya pili yake. Mpira mwembamba wa namba 8 ulipitishwa, dawa ya picha ikashuka kwa uzito wake kutoka chupa iliyoinuliwa isiyozidi mita moja juu ya meza. Kusukuma kwa sindano hupandisha shinikizo na kutengeneza mrejesho ambao kwa kawaida haupo. Picha ya muhimu kuliko zote ni ya mtoto anapokojoa. Wapiga picha wenye haraka huikosa, na mtoto mwenye aibu juu ya meza ya eksirei hulifanya zoezi kuwa refu. Asindikizwe na mama, na mlango ufungwe.

Jibu: kulia daraja la 5, kushoto daraja la 3. Madaraja ni matano. La kwanza mkojo unafika kwenye ureta tu. La pili unafika kwenye figo bila kutanua kitu. La tatu unatanua kiasi. La nne mirija imetanuka na kuanza kujipinda, kingo za vikombe vya figo zimebutuka. La tano ureta imejikunja kama utumbo na alama za vichuguu zimepotea. Baadaye, miezi sita baada ya homa, alifanyiwa picha ya nyuklia ya DMSA, inayopigwa saa mbili hadi nne baada ya sindano na kuonyesha nyama ya figo inayofanya kazi. Ikipigwa mapema huonyesha uvimbe wa muda kama kovu. Kulia ilibeba asilimia 12 ya kazi yote. Kushoto 88, yenye makovu kwenye ncha zote mbili.

Kila anayetazama eksirei hii anavutwa na upande wa kulia. Ureta kubwa, figo kama tunda lililonyauka. Mjadala wa kwanza wa timu wote ulihusu kulia: itolewe, isitolewe. Lakini mtoto huyu anaishi kwa figo ya kushoto. Ile yenye daraja la 3, ambayo ingekuwa peke yake kwa mtoto mwingine pengine ingeachwa ipone taratibu, ndiyo inayobeba karibu tisa ya kumi ya kile kidogo kilichobaki. Homa moja zaidi kulia inaondoa sehemu ya asilimia 12. Homa moja kushoto inaweza kumsogeza kwenye mashine ya kusafisha damu kabla hajamaliza shule ya msingi. Mpango wote ulipangwa upya kwa kuanzia kushoto.

Presha na protini kabla ya kisu

Presha haikushushwa kwa pupa. Nifedipini ya kuvunjwa chini ya ulimi, ambayo bado inaonekana hapa na pale, inaweza kuangusha presha ghafla na kuunyima ubongo damu. Alianza amlodipini miligramu 2.5 mara moja kwa siku. Macho yalichunguzwa na moyo ukapigwa ultrasaundi: ukuta wa chemba ya kushoto ulikuwa umeanza kunenepa, maana yake presha si ya jana.

Baada ya wiki mbili, mtoto akiwa na maji ya kutosha mwilini, iliongezwa enalapril miligramu 1.25, ikapandishwa polepole hadi 5. Sababu ni protini. Uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo ulikuwa 95 kwa kipimo cha miligramu kwa milimoli, wakati kwa umri wake hautakiwi kufika 20. Vichujio vilivyobaki vinafanya kazi ya vilivyokufa, vinasukumwa na shinikizo kubwa, vinavuja protini na hatimaye navyo vinakakamaa. Mnyororo huu unaendelea hata kama hakuna tone la mkojo linalorudi tena na hakuna bakteria hata mmoja. Enalapril hupunguza shinikizo ndani ya kichujio chenyewe. Utafiti wa Ulaya uitwao ESCAPE, uliotoka mwaka 2009 ukiwa na watoto 385 waliotumia ramipril ya kundi hilohilo, ulionyesha kwamba kushusha presha chini zaidi ya lengo la kawaida kulichelewesha figo kufeli. Lengo la mtoto huyu kliniki liliwekwa kati ya 92 na 100 kwa namba ya juu.

Kreatinini na potasiamu zilipimwa wiki moja hadi mbili baada ya kila nyongeza. Kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 inavumilika, ikizidi hapo dawa inapunguzwa na sababu inatafutwa. Mama alipewa maelekezo ya wazi: mtoto akitapika au kuharisha, enalapril isimamishwe siku hiyo mpaka aanze kula na kunywa, na aletwe. Vidonge vya baikaboneti ya sodiamu, 500 mg mara tatu kwa siku, viliongezwa kuondoa asidi. Ni dawa ya bei ndogo, mara nyingi husahauliwa, na bila hiyo mtoto hakui.

Kotrimoksazoli ya kinga ilipendekezwa na ikakataliwa kwa sababu mbili: bakteria wake hawakuisikia, na trimethoprimu iliyomo hupandisha potasiamu, jambo la hatari kwa mtoto aliye kwenye enalapril mwenye 5.4 tayari. Naitrofurantoini haifai figo zikiwa chini hivi: haifiki kwenye mkojo vya kutosha na sumu yake hubaki mwilini. Alipewa sefaleksini miligramu 125 kila usiku. Kinga ya namna hii isitarajiwe kufanya miujiza. Jaribio la Marekani la RIVUR, lililochapishwa mwaka 2014 kwa watoto 607, lilionyesha kotrimoksazoli inapunguza maambukizi kwa karibu nusu, lakini makovu mapya yalikuwa sawa, asilimia 11.9 kwa waliopewa na 10.2 kwa wasiopewa. Tena kati ya walioambukizwa upya na E. coli, usugu ulikuwa asilimia 63 kwa waliokuwa kwenye dawa, dhidi ya 19. Kwa mtoto mwenye figo mbili nzima na daraja la 2, sisi tusingeitoa. Kwa huyu hesabu ni tofauti.

Choo, kibofu na vyoo vya shule

Kuna swali ambalo halikuwa limeulizwa: anakwenda haja kubwa mara ngapi? Jibu lilikuwa mara mbili kwa wiki, choo kigumu, na chupi yenye madoa. Mchana alikuwa anajikojolea kidogokidogo. Mama aliongeza kwamba mtoto huchuchumaa ghafla na kukalia kisigino, halafu anainuka kana kwamba hakuna kitu. Huo ni mkao wa mtoto anayeziba mkojo. Vyoo vya shule havikuwa na maji wala milango, akawa anajizuia tangu asubuhi hadi arudi nyumbani.

Utumbo uliojaa kinyesi hukisukuma kibofu na kukizuia kujimwaga. Kibofu kinachozuiwa hujenga msuli mnene na shinikizo la juu, na shinikizo hilo hufungua mlango wa ureta ambao pengine ungejifunga. Mkojo unaobaki ni chakula cha bakteria. Upasuaji kwenye kibofu cha namna hii hushindwa mara nyingi, hata ukifanywa na mikono mizuri.

Basi yakafanyika mambo ya kawaida kabisa. Laktulozi mililita 10 mara mbili kwa siku, ikiongezwa mpaka choo kiwe laini kila siku, na iendelee kwa miezi, si wiki. Kukojoa kila baada ya saa mbili hadi tatu, ahisi haja asihisi. Miguu ikanyage kitu imara, mapaja yaachane, asikojoe kwa kuning'inia. Akimaliza ahesabu hadi hamsini, kisha akojoe tena: kwa daraja la 5 mkojo uliopanda kwenye ureta hurudi kibofuni dakika chache baadaye, kwa hiyo raundi ya pili ndiyo inayomwaga ule uliokuwa umejificha juu. Maji ya kunywa ya kutosha, asinyimwe kwa sababu anakojoa kitandani. Barua ilikwenda kwa mwalimu wa darasa ili aruhusiwe kutoka bila kuomba, na atumie choo cha walimu. Barua hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko dawa mbili kati ya alizokuwa anameza.

Mwezi wa tano mabaki yalikuwa mililita 12 na siku zake zilikuwa kavu. Mwezi wa saba homa ilirudi. Safari hii mama alifika siku hiyohiyo na mkojo kwenye kikopo. Dawa sahihi ilianza ndani ya saa 12, na kreatinini haikuyumba. Hata hivyo maambukizi yaliyopita kinga yaliamua suala la upasuaji.

Nini kikatwe

Tafiti za zamani za kulinganisha upasuaji na antibiotiki, ule wa Birmingham wa mwaka 1987 na ule wa kimataifa, hazikuona tofauti ya makovu mapya kati ya makundi. Upasuaji hupunguza homa za figo, haurudishi nyama iliyokwisha. Familia iliambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu kulia, hoja ya kuitoa ni kwamba figo kama hiyo huweza kuchochea presha na ureta yake ni hifadhi ya mkojo mchafu. Hoja ya kuiacha ni kwamba asilimia 12 ya mililita 35 ni mililita nne, na kwa mtoto huyu mililita nne zinaweza kuwa mwaka mmoja au zaidi bila mashine. Presha ilikuwa imetii dawa mbili. Iliachwa. Wapo madaktari wazuri wa upasuaji ambao wangeitoa, na kama presha ingegoma tungekuwa upande wao.

Ureta zote mbili zilipandikizwa upya ndani ya kibofu kwa njia ya Cohen, kila moja ikivushwa upande wa pili chini ya utando. Kushoto, ureta yenye upana wa milimita 6 ilipewa njia ya milimita 30. Ya kulia, yenye 18, isingewezekana: ingetaka milimita 90, na kibofu cha mtoto hakina nafasi hiyo. Sehemu yake ya chini ilipunguzwa juu ya mpira wa namba 12, ikabaki na milimita 4, na njia ya milimita 20 ikatosha. Ukipunguza mno au ukikata mishipa ya damu iliyolala upande wa ureta, inaziba kwa kovu, na kuziba ni kubaya kuliko mkojo kurudi. Ndiyo maana ultrasaundi ya wiki ya sita ni ya lazima hata mtoto akiwa anacheza.

Mwaka mmoja baada ya ile homa ya kwanza hospitalini: kimo sentimita 113, kreatinini 108, uwezo wa figo 38, uwiano wa protini 38, presha 98/60. Ameongeza sentimita tano, jambo ambalo kadi yake haikuwa imeonyesha kwa miaka miwili. Figo hazijapona. Balehe itakuja na mwili mkubwa kwa figo zilezile, na hapo ndipo wengi wa watoto hawa hushuka. Familia imeshaelezwa habari za kupandikizwa figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, ili ndugu wa kuchangia wafikiriwe mapema badala ya kutafutwa kwa dharura. Akivunja ungo, enalapril itajadiliwa upya naye mwenyewe, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni, na ujauzito kwa mwenye makovu ya figo huja na hatari kubwa ya kifafa cha mimba.

Ana mdogo wake wa miezi 14. Kwa ndugu wa damu uwezekano wa mkojo kurudi ni karibu robo. Ultrasaundi yake ilikuwa ya kawaida, presha ya kawaida, hajawahi kupata homa isiyoeleweka. Hakupitishiwa mpira wala eksirei. Kwa mtoto asiye na dalili mwenye figo sawa, kipimo hicho kina usumbufu mwingi kuliko faida. Kwa kuwa ni mvulana, mama aliulizwa kuhusu mkondo wa mkojo, kama unaruka mbali au unadondoka, maana vali zinazoziba njia ya mkojo kwa wavulana huleta picha hiihii na tiba yake haisubiri. Unaruka. Kwenye jalada la kadi yake imeandikwa kwa herufi kubwa: HOMA YOYOTE, PIMA MKOJO KABLA YA ANTIBIOTIKI.